Mama wa Matiu Kwenye Kaunta

Vijana, nimechoka kuulizwa swali moja. Mnakuja hapa Malvern, mnakaa kwenye benchi langu, mnatoa simu, mnanionyesha video ya mtu anachonga sura kwa mashine huku muziki unapiga, halafu mnaniuliza, "Mzee, hii inachukua wiki ngapi kujifunza?" Wengine hamsubiri hata jibu, mnatazama saa. Basi leo nitajibu mara moja kwa wote. Jibu lenyewe si fupi. Mwenye haraka aondoke sasa, asije akaniinukia katikati.

Mimi ni Bakari, fundi wa kuchonga. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho na kiuno, si kwa kupenda. Nilianzia Tanga nikichonga vitanda, milango na viti vya harusi, nikahamia Johannesburg nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikaajiriwa kwenye karakana ya samani hapa Jules Street. Ilipofika mwaka 2015 nilijiona nimemaliza. Mafundi wenzangu waliniita Profesa, nami nilikuwa nikiitika.

Mwenye karakana alikuwa Papa Justin, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu wa sauti nzuri na viatu vizuri zaidi. Patasi hakuwahi kuishika maisha yake yote, ila aliijua mbao kwa jambo moja tu: itauzwa au haitauzwa. Ukimweleza kwamba kitanda hiki kina nakshi ya pwani, kwamba ua hili lina jina lake, alikuwa akikupiga begani. "Muzee Bakari," anasema, "hapa tunauza kitanda, hatuuzi historia."

Siku moja akaingia mwanamume mpana kama kabati, nywele nyeupe kazifunga kisogoni, mkono wa kulia kautia mfukoni. Kwapani kushoto alibana kisanduku kirefu cha mbao alichokiviringisha kwenye taulo. Alisema anaitwa Matiu. Ni Mmaori, yaani mwenyeji wa New Zealand, vile visiwa vya upande wa pili wa dunia. Alikuja Johannesburg kwa kazi ya ujenzi, akaoa Mzulu, akabaki Randburg, upande wa kaskazini wa jiji. Mfuniko wa kisanduku ulikuwa umepasuka wakati wa kuhama nyumba.

"Gundi tu," alisema. "Usipige msasa, usipake vanishi, usiongeze kitu."

Nilikigeuza kile kisanduku mikononi. Kilikuwa kimechongwa pande zote: mistari iliyokwenda sambamba kama matuta ya shamba, katikati ya matuta vikato vidogo kama meno ya mbwa, mizunguko miwili miwili iliyokumbatiana, na kwenye mfuniko sura iliyotoa ulimi. Nikamwambia, "Kazi nzuri, lakini ni marudio. Tuta, meno, mzunguko, tuta. Hii naichonga kabla ya adhuhuri."

Matiu hakuudhika. Aliokota kipande cha mbao sakafuni, akachora kwa penseli kwa mkono wa kushoto matuta mawili na mzunguko mmoja, akanisukumia. "Chonga. Nasubiri gundi ikauke."

Nilichonga. Mafundi wote walisimamisha kazi kumtazama Profesa. Nilipomaliza nilipiga msasa kidogo, nikampa kwa kidole kimoja, vile mtu anavyompa mwombaji. Matiu alikipeleka kipande mlangoni penye mwanga, akakipitisha kidole gumba taratibu.

"Mkono wako ni mzuri," alisema. "Hapa ulikuwa unajua unakokwenda. Hapa uliogopa. Na hapa umedanganya kwa msasa."

Alikuwa amegusa mahali penyewe hasa, pale nyuzi za mti ziliponigeukia na kijibanzi kikaruka. Mafundi walicheka. Matiu akachukua kisanduku chake, akaniambia anafundisha Jumamosi kwenye gereji ya nyumbani kwake. Nilikwenda. Msidhani nilikwenda kwa kiu ya elimu. Nilikwenda kwa hasira, nikitaka kumwonyesha.

Sasa niwaeleze darasa lile. Tulikuwa watu kama dazani hivi, wengi wenyeji wa Randburg waliosikia kuwa kuchonga kunatuliza akili. Mmoja alikuja na aproni ya ngozi na patasi mpya zilizopangwa ndani ya kitambaa kama vifaa vya daktari wa upasuaji. Alipoambiwa azinoe alisema zimetoka dukani hivyo hivyo, zinakata. Matiu alimpa kipande cha jakaranda. Patasi ikausaga ule mti kama kijiko kinavyosaga ndizi. Yule bwana akasema mti mbovu. Jumamosi iliyofuata hakuonekana, aproni yake ikabaki msumarini. Ndiyo niliyoivaa mpaka nilipostaafu.

Mwingine alitaka "mchoro wa Kipolinesia" wa tatuu ya mkononi. Alikuwa ameokota mtandaoni kipande cha Samoa, kipande cha Tonga na kipande cha Kimaori, akavibandika pamoja. Matiu akamuuliza, "Huyu ni nani?" Kijana akasema si mtu, ni mchoro. "Kwetu karibu kila kitu ni mtu," Matiu akamwambia, "na hapa umemshonea mtu kichwa cha jirani yake." Kijana akasema sharp, yaani sawa kwa lugha ya vijana wa huku, akaondoka, na nasikia alichorwa vilevile.

Mwezi mzima wa kwanza tulinoa. Mnasikia? Kunoa tu. Mimi niliyekwishachonga milango ya watu wazito Tanga nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisugua patasi kwenye kinoo na maji. Lakini hili lishikeni, maana hamtalikuta kwenye simu: mti laini unataka makali kuliko mti mgumu. Mninga, huu wanaouita hapa kiaat, unausamehe ujinga wako, unakatika hata kwa patasi iliyochoka. Jakaranda haisamehi. Inakunjika, inachanika, inakuumbua. Ndiyo maana Matiu alitufundishia jakaranda, magogo ya miti ya barabarani inayokatwa na watu wa manispaa.

Tulipoanza kuchonga, nikafanya kama nilivyofanya tangu ujana: kata, halafu puliza vumbi. Matiu akaniwekea kiganja mbele ya mdomo.

"Usipulize."

"Kwa nini?"

"Unamchonga mtu. Utampulizia mtu usoni?"

Akanipa brashi ndogo. Vilevile hatukuruhusiwa kula karibu na kazi, na vibanzi havikutumika kuwashia moto wa kupikia, vilikusanywa kwenye gunia. Mimi nilikuwa nikibetua mdomo. Nilijiambia huyu mtu wa kisiwani anatupotezea muda kwa miiko, wakati yeye mwenyewe hata patasi haishiki, anaelekeza tu kwa kidole cha kushoto kama karani. Mdomo wangu ulizoea kupuliza, ikabidi nifunge kitambaa mdomoni kama jambazi ili nijikumbushe.

Siku ya mizunguko nilikuja na bikari. Kwetu nakshi ya duara bila bikari ni ulevi. Matiu aliichukua, akaitazama kwa heshima, akaifungia kwenye boksi la gari. "Bikari inajua duara," alisema. "Haijui mzunguko." Ukiuchora kwa jicho unaanzia katikati, mikono miwili inatoka pamoja, kila mmoja unamwachia mwenzake nafasi, na nafasi hiyo inaongezeka kidogo kidogo. Halafu unapochonga, nyuzi za mti zinakugeukia kila robo ya mzunguko. Hapo unakwenda nazo, hapo zinakuja dhidi yako, hapo inabidi ubadili mkono au uzunguke meza. Ukiwa mvivu wa kuzunguka meza, kijibanzi kinaruka na tuta linavunjika. Nilivunja matuta mengi kuliko meno niliyonayo. Mnaponiuliza wiki ngapi, naikumbuka meza ile.

Katika wale waliobaki alikuwapo Furaha, dada wa Bukavu aliyekuwa akikaa Joubert Park na kusuka nywele kwenye saluni ya kule mjini. Alipofika mara ya kwanza Matiu alikuna kichwa, akamweleza wazi kwamba kwao zamani kuchonga mbao ilikuwa kazi ya wanaume, na kwamba shangazi zake wangekuwa na neno. Furaha akamjibu kwa Kiingereza chake cha Kifaransa kwamba yeye pia ana shangazi wenye neno, na bado amefika Johannesburg. Matiu alicheka, akampa kuchonga mifupa.

Mfupa wa paja la ng'ombe unachemshwa, unatolewa mafuta, unakatwa, halafu unasuguliwa kwa tupa ukiwa na maji, maana vumbi lake si la kuvuta. Furaha alichemsha wa kwanza nyumbani kwake kutwa nzima. Jirani alibisha hodi na sahani mkononi.

"Papa Bakari, alijua ni supu," alinisimulia. "Nikamuambia iko mufupa wa kufanya shanga. Akanitazama sana. Tangu ile siku hanisalimiaki."

Mfupa ulikuwa umechemka kupita kiasi, ukapasuka kama chaki. Nilimcheka. Lakini ilipofika zamu ya vile vikato vya meno ya mbwa, kwa jinsi alivyozoea kugawa kichwa cha mtu mistari ya kusuka, mafungu yake yalitoka sawasawa bila rula mara ya kwanza, na yangu yalikuwa kama meno ya mzee. Aliniangalia, akaendelea na kazi yake. Hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Mwaka uliofuata tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Ndipo siku moja nilipomuuliza Matiu kwa ukali kwa nini yeye haonyeshi kwa mkono wake hata mara moja. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani. Vidole vitatu vilikuwa vimesagika, vimepona vibaya, vimekunjika kama mizizi ya tangawizi. Bamba la zege liliuangukia kazini, alisema. Hawezi kushika nyundo. Furaha aliukamata ule mkono akaugeuza kama anavyogeuza kichwa cha mteja, akauliza kama unauma wakati wa baridi. Mimi nilikwenda kukusanya vibanzi.

Baada ya hapo Matiu akanipa mchoro mkubwa. Ilikuwa sura ya pembeni, mtu nusu ndege, mwili umepinda, na kuanzia kwapani matuta yanatiririka mpaka chini kama maji. "Zoeza huu," aliniambia. "Zoeza mpaka nikwambie basi." Nikauliza ni nani, maana nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Akasema nitaambiwa. Nikaubeba ule ubao mpaka karakana kwetu, nikawa nauzoeza saa za chakula, nikila kwanza nje kama nilivyofundishwa. Papa Justin alipita mara moja, akasimama, akasema, "Bon. Hii ni kitu." Nilifurahi. Hakuwa mtu wa kusifu.

Ijumaa nilipokwenda msikitini, aliupiga picha.

Hayo niliyajua baadaye. Nilichojua kwanza ni simu ya Matiu, asubuhi moja mwaka 2016, akinitaka nimkute kwenye baa fulani Randburg, karibu na robot, taa za barabarani, za kona, kabla haijafunguliwa kwa wateja. Mimi na baa si ndugu, lakini sauti yake haikuwa ya kukataliwa. Nilimkuta amesimama mbele ya kaunta mpya, kofia mkononi. Kaunta ilikuwa ndefu, na upande wote wa mbele ulikuwa umechongwa kwa mashine ya kompyuta. Ilikuwa sura yangu ya mazoezi. Imerudiwa kutoka mwanzo mpaka mwisho kama vigae vya bafuni, na ili ipendeze, mashine ilikuwa imeigeuza moja juu, moja chini, moja juu, moja chini. Hata tuta nililolivunja pale kwapani mashine ilikuwa imelinakili kwa uaminifu, likavunjika kila mahali.

"Huyu ni mama yangu," Matiu alisema.

Niligusa lile tuta lililovunjika.

"Hapa amesimama. Hapa yuko kichwa chini. Hapa amesimama." Alitembea akihesabu kwa ule mkono mbovu. Mwisho wa kaunta mtu alikuwa ameegemeza ndoo ya kupigia deki.

"Sikumpa mtu," nilimwambia.

"Najua. Wewe usingeliacha lile tuta limevunjika."

Ndipo aliponieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa huku, akijenga maghorofa ya watu. Familia ilimwagiza yeye, kwa kuwa ndiye mchongaji, achonge ubao wake, ukawekwe kwenye nyumba yao ya ukoo pamoja na wa wakubwa wengine. Alikuwa ameuanza, kisha mkono ukaharibika. Alikuwa akitafuta mikono. Darasa lote lile la aproni na patasi mpya lilikuwa la kutafuta mikono.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua ni mama, mkono ungetetemeka."

Ubao wangu wa mazoezi haukuwahi kutoka karakana, kwa hiyo nilirudi Malvern nikamkuta Papa Justin anakunywa chai. Nilimweleza taratibu, nikidhani hajui sura ile ni ya nani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muzee," alisema, "ile ni mbao. Mbao haina mama."

"Ina, na yuko kichwa chini Randburg."

"Client analipa, client anapenda. Kuna wengine wawili wanataka sawa vile. Unataka niwaambie nini, niwaambie kuna mama ndani?"

"Ndiyo. Waambie hivyo."

Alicheka, si kwa ubaya. Kwa Papa Justin mambo haya yalikuwa kichekesho kweli. Alisema mimi mwenyewe nimechonga maua ya makaburi ya masultani kwenye vitanda vya watu wanaokoroma, na hakuna sultani aliyelalamika. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Lakini sultani hakuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi.

Nikaenda mwenyewe kwa mwenye baa. Mtu mnene, mchangamfu, aliyekuwa akisema "eish" kila nilipotamka sentensi. Habari ya mama wa Matiu ilimgusa kwa muda wa kumaliza sigara. Kilichomgusa zaidi ni nilipomwambia kwamba kaunta yake imechongwa na mashine, na kwamba mimi nitamchongea nyingine kwa mkono, nakshi ya pwani ya Afrika Mashariki, bila gharama ya kazi, mradi ile niichukue.

"Kwa mkono kabisa?" aliuliza. "Naweza kuwaambia watu hivyo?"

Nikamwambia awaambie anavyotaka. Watu wa namna ile hawanunui kitu, wananunua maneno ya kusema juu ya kitu. Safari ile nililishukuru hilo.

Papa Justin aliposikia nimemzunguka nikaenda kwa mteja wake, alinifukuza siku hiyohiyo. Hakupiga kelele. Aliniruhusu nikusanye patasi zangu, akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkono. "Muzee, uko fundi mukubwa," alisema, "lakini hauko mtu wa biashara." Alidhani ananitukana. Ila tangu siku ile hakutengeneza tena ile sura. Sijui ni kwa aibu au ni kwa sababu mashine ilikuwa ya kukodi. Msiniulize.

Kaunta niliichonga kwenye gereji ya Matiu, mbao za mninga, maua na minyororo ya Tanga, na bikari nilirudishiwa. Mke wa Matiu, Mama Thandi, alituletea chai nje kila alasiri na kutuuliza kama wanaume wawili wazima tuna mpango wowote wa maisha. Zile mbao za mashine tulipozitoa, Matiu hakutaka zichomwe wala zitupwe. Akaniomba nizipige randa ya mkono mpaka sura zote zifutike. Furaha alikuwa akizishika upande wa pili. Ilikuwa kazi ya kijinga na ya kuumiza mgongo, na kila nilipofikia mwanamke aliye kichwa chini Matiu aligeuza ubao kwanza, mama asimame, ndipo nikapitisha randa. Vibanzi vyote tulivizika nyuma ya nyumba, na watoto wa jirani wakachungulia ukutani wakidhani tunamzika mbwa.

Baada ya hapo akafunua ubao wenyewe. Ulikuwa umesimama gerejini muda wote ule chini ya blanketi, nyuma ya friji bovu, mti wa kwao wenye rangi nyekundu aliousafirisha kwa meli. Kichwa na mabega alikuwa amemaliza yeye, enzi za mkono wake. Kuanzia kwapani kwenda chini ilikuwa penseli tu.

Niliposimama mbele ya kazi ya mkono wake wa zamani ndipo nilipojua nilikuwa nikimbetulia mdomo nani.

Nilimuuliza mama yake alikuwa mtu gani, nikitegemea binti wa mfalme. Matiu akasema alikuwa mpishi wa kikosi cha wakata manyoya ya kondoo, akizunguka nao shamba hadi shamba, na kwamba aliwahi kumrushia baba yake upawa ukamkosa ukavunja dirisha. Yale matuta yanayotiririka ni mto wa nyumbani kwao alikokuwa akivua mikunga. Basi nikamchonga mwanamke wa upawa na mikunga. Mkono ulitetemeka, kama alivyosema. Niliutuliza kwa kuzunguka meza.

Ilituchukua mpaka mwaka 2018. Nilikuwa na vibarua vya kutengeneza milango hapa na pale, Furaha ana saluni, kwa hiyo ilikuwa Jumamosi kwa Jumamosi. Vikato vyote vya meno ya mbwa alipima yeye kwa jicho, nikakata mimi. Matiu alikuwa amesema mbao si kazi ya mwanamke, akasema tena kwamba kupima si kuchonga, na mwisho akaacha kusema. Macho aliyaweka Furaha mwenyewe, kwa vipande vya kombe la bahari vinavyong'aa kama dizeli juu ya maji, alivyokata kwa uzi wa msumeno mpaka vidole vikatoka damu. Siku alipoyaweka yale macho, Mama Thandi alikuja mlangoni na chai, akatazama, akarudi nayo ndani.

Mwaka 2019 Matiu na mkewe waliondoka na ubao ule kwa ndege. Mimi na Furaha tulibaki na ufunguo wa gereji na wasiwasi. Msidhani nilikuwa na wasiwasi wa kusifiwa. Nilijua kule kuna wazee waliozaliwa ndani ya hayo matuta. Nilijua kuna mahali, chini kushoto, nyuzi ziligeuka na mimi nikachelewa.

Ikaja simu ya video, asubuhi kwetu, kwao jioni. Furaha alikuwa amekuja hapa kwangu makusudi. Kwenye kioo tuliona ubao umesimama ukutani ndani ya nyumba ndefu, kati ya wengine, na watu wengi wamekaa. Matiu akampa simu bibi kizee, dada wa mama yake, nywele nyeupe, kidevu kimechorwa tatuu. Hakutusalimia. Alisogeza simu karibu na ubao, chini kushoto, akaweka kidole palepale.

"Anauliza nani alifanya hapa," Matiu akatafsiri.

"Mimi," nikasema.

Bibi akasema kitu kirefu. Watu walicheka nyuma yake.

"Anasema hapa mto umelewa. Anasema macho ni ya dada yake kabisa, anataka kumwona aliyeyaweka."

Furaha akasogea kwenye simu. Bibi alimtazama muda mrefu, akatikisa kichwa mara moja, kwa kukubali, na Furaha akaanza kulia bila sauti. Nikauliza kama wanataka lile kosa lirekebishwe, naweza kumwelekeza mtu. Matiu akamuuliza. Bibi akasema liachwe, mtoto akiuliza ataelezwa kwamba liliwekwa na mtu wa mbali. Kisha akaniuliza mimi swali, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Anauliza mama yako ni nani," Matiu akasema. "Wewe umemchonga dada yake. Lazima ajue umetoka kwa nani."

Niliwaambia aliitwa Mwanahawa binti Mbaruku, wa Pangani, msuka mikeka. Tangu dada yangu mkubwa afariki, sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwa mtu mwingine.

Bibi akajaribu. Akasema Manahawa. Akatikisa kichwa, hakuridhika, akaniomba nirudie. Nikarudia polepole. Mbaruku ilimshinda mara mbili, ulimi wake haukuwa na mlango wa kuanzia. Watu wote nyuma yake walikuwa wakimsubiri. Akafumba macho, akavuta pumzi, akalitamka lote, jina na ubini, sawasawa, kama mtu wa Pangani. Kisha akaugeukia ubao, akalitamka tena mbele ya dada yake.